Bahati ikijaa kila Jumamosi, hofu itatoka wapi?

*"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ndiye msimuliaji wa kikundi chetu cha watu watano hapa Dodoma. Tunakutana Jumamosi jioni kwa rafiki yetu anayekaa mtaa wa Kisasa na tunacheza Call of Cthulhu, toleo la saba. Tunacheza kwa Kiswahili, kitabu tunakitafsiri papo kwa papo. Simulizi yetu ni ya mwaka 1926: kuna karani wa reli, muuguzi wa misheni ya Mvumi, askari wa zamani wa vita ya Mjerumani, na mfanyabiashara wa ng'ombe. Mwanzoni wahusika walikuwa wanakufa ovyo, tukatunga kanuni zetu za bahati. Kila kikao kikianza, bahati ya kila mtu inarudi ilipoanzia. Unaweza kuitumia popote dadu inaporushwa, hata kwenye utimamu wa akili, na unaweza kumgawia mwenzako. Sasa hafi mtu, lakini haogopi mtu pia. Wanakutana na kitu cha kutisha wanachekelea. Halafu huyu wa ng'ombe alianza na bahati 25, na kwa kuwa mwenye bahati ndogo ndiye anayerusha kwa niaba ya kundi, kila likitokea baya anaitwa mkosi. Ameanza kukasirika kweli. Nataka kufuta matumizi ya bahati kabisa, ila wawili wamesema nikifuta wanaacha. Mwingine anashauri niifiche, niitunze mimi. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, usifute. Wala usiifiche. Unachokilalamikia kina chanzo kimoja, nacho si kule kutumia bahati. Ni kule kurudishiwa. Ukirekebisha hapo, hofu itarudi yenyewe, na huyo ndugu wa ng'ombe atapumua bila wewe kumtungia kanuni ya kumwokoa.

Niwaeleze kwanza wasomaji ambao hawajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii. Call of Cthulhu ni mchezo wa kusimulia hadithi ya kutisha: kila mchezaji anaigiza mhusika mmoja, na msimuliaji anaendesha mengine yote. Mhusika ana ujuzi wenye namba, tuseme Kusikiliza 45. Unarusha dadu mbili za pande kumi, moja inasoma makumi na nyingine mamoja, unapata namba kati ya 1 na 100. Ikiwa 45 au chini yake, umefaulu. Bahati nayo ni namba kama hizo: unarusha dadu tatu za kawaida, unajumlisha, unazidisha kwa tano. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza na 15 au na 90, na wengi huangukia hapo kwenye hamsini na kitu.

Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981, na kwa miaka mingi bahati haikuwa kitu cha kutumia. Ilikuwa namba inayotokana na nguvu ya nafsi ya mhusika, unairusha dadu inapobidi, basi. Toleo la saba ndilo lililoipa bahati namba yake yenyewe na kuruhusu mchezaji aitumie kama fedha: ukikosa kwa pointi 8, unalipa 8, unafaulu. Hata humo ruhusa hiyo imeandikwa kama kanuni ya hiari. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukifuta unauharibu mchezo, hajui. Na anayesema kununua ufaulu kwa bahati ni mambo ya kitoto, naye hajui.

Sasa tazama kitabu kilivyoizungushia ua ruhusa hiyo. Bahati hailipiwi kwenye mrusho wa bahati yenyewe. Hailipiwi kwenye madhara ya silaha, wala kwenye utimamu wa akili (namba inayopungua mhusika akikutana na ya kutisha), wala kwenye kuhesabu umepoteza pointi ngapi za utimamu. Hailipiwi kwenye dadu uliyoirusha mara ya pili kwa kulazimisha, jambo nitakalolieleza mbele. Dadu ikiangukia kwenye balaa, yaani 100, au 96 na kuendelea kwa mwenye ujuzi ulio chini ya 50, hakuna pesa inayokuokoa. Na ujuzi uliofaulu kwa kulipia hauwekewi alama ya kukua mwisho wa simulizi. Nyie mmeuvunja ua karibu wote, kisha mkashangaa mbuzi wameingia shambani.

Hapo napenda tukae kidogo, maana watu wengi wanaona masharti hayo kama ubahili wa mwandishi. Siyo. Bahati katika mchezo huu inafanya kazi mbili kwa namba moja. Ni fedha ya kununulia ufaulu, na papo hapo ndiyo kipimo cha dunia inavyomtendea mhusika. Msimuliaji hukiita kipimo hicho kwa mambo ambayo hakuna mtu anayeyatawala: gari la mizigo limechelewa au limeshapita? Kibuyu bado kina maji? Kile kitu kilichotoka gizani kinamrukia nani kwanza?

Chukua karani wako. Ni usiku, stesheni ya Gulwe, taa ya mafuta mkononi. Bahati yake ni 55. Unamwambia arushe Kusikiliza, ana 45, anapata 58. Amekosa kwa 13. Analipa 13, anabaki na 42, na anasikia: mtu anatembea juu ya kokoto za reli, hatua moja, kisha kimya kirefu, kisha hatua nyingine. Upepo unavuma, taa inazimika. Je, mfukoni ana kiberiti? Rusha bahati. Inakuja 49. Dakika tano zilizopita 49 ingetosha. Sasa haitoshi, na kila mtu mezani anaijua sababu, kwa kuwa waliiona ikifutwa kwa penseli. Amenunua masikio kwa bei ya mwanga.

Kwa kanuni zenu tukio hilohilo linakwishaje? Analipa 7 nyingine, kiberiti kinapatikana. Au muuguzi anamgawia hizo 7. Jumamosi ijayo wote wamejaa tena. Hakuna aliyechagua kitu.

Wewe unaishi Dodoma, hili utalielewa haraka: nyumba ambayo bomba linatoka kila siku haihesabu ndoo. Yenye simtanki moja na mgawo wa maji inajua hata maji ya kusuuzia vyombo yataenda wapi baadaye. Kikundi chako kina bomba.

Hesabu yake ni hii. Wachezaji wanne, kila mmoja na bahati ya 50 hivi, ni pointi 200 zinazopatikana kila kikao. Mwenye ujuzi wa 50 akiamua kulipia makosa madogo tu, yale ya kukosa kwa pointi 1 hadi 15, wastani wa bei ni 8. Pointi zake 50 zinanunua makosa sita kwa jioni moja. Makosa sita ya mtu mmoja! Kitabu chenyewe kinarudishaje? Mwisho wa kikao kila mchezaji anarusha dadu za mia. Akipata namba *kubwa kuliko* bahati aliyobaki nayo, anaongezewa pointi za dadu moja ya pande kumi. Mwenye 50 ana nafasi ya nusu kwa nusu kupata wastani wa pointi 5 na nusu, yaani chini ya pointi 3 kwa kikao. Aliyefilisika hadi 20 anapata kama 4 na kidogo. Kwa watu wanne wenye bahati ya 50, kitabu kinarudisha kama 11 kwa jumla. Nyinyi mnaweza kurudisha 200. Tofauti hiyo ndiyo kicheko unachokisikia.

Hasara nyingine hukuitaja, lakini naamini ipo. Hebu kumbuka ni lini mara ya mwisho mchezaji wako alilazimisha dadu. Kulazimisha ndiyo roho ya toleo hili. Umekosa, lakini unaruhusiwa kurudia mara moja, kwa masharti mawili: useme unafanya nini zaidi ya ulichofanya mwanzo, na ukubali kwamba ukikosa tena mambo yatakuwa mabaya kuliko kukosa kwa kawaida. Karani hakusikia kitu, basi anaamua kuzima taa mwenyewe, analala kifudifudi, anaweka sikio kwenye chuma cha reli. Wewe unamwambia kwa upole, "Ukikosa safari hii, kitakuwa kimekufikia kabla hujainuka." Hapo meza nzima inanyamaza. Mtu mwenye bahati ya bure hatafika hapo hata siku moja. Kwa nini aweke sikio kwenye reli wakati anaweza kulipa 13 na kupata 13 hizo wiki ijayo? Bahati ikiwa adimu, kila kosa linamweka mchezaji njia panda: alipe, alazimishe, au ameze kukosa. Kwa maoni yangu, hakuna dude lolote la kwenye kitabu linalotisha kuliko njia panda hiyo.

Utimamu wa akili sina maneno mengi. Rudisha ua leo hii. Ule ndio moto wa jiko la mchezo huu: ukipoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo mmoja unarusha dadu ya Akili, yaani namba ya uelewa wa mhusika, na *ukifaulu* ndipo unapochanganyikiwa kwa muda, maana umeelewa ulichokiona. Kanuni katili na nzuri. Kuilipia bahati ni kumfumba mhusika macho asione simulizi uliyoihangaikia wiki nzima.

Tuje kwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Kanuni inasema bahati ya kundi inarushwa na mwenye bahati ndogo kuliko wote *waliopo kwenye tukio hilo*. Ni kanuni nzuri, kwa kuwa inamfanya kila anayetumia bahati hovyo awe mzigo wa wenzake. Lakini kwenu haifanyi kazi hiyo. Kila Jumamosi wenzake wanarudi kwenye hamsini zao, yeye anarudi 25, kwa hiyo anaanza akiwa wa mwisho daima. Mmemfungia kwenye namba moja. Chini ya kanuni ya kitabu, mwenye 25 ana nafasi tatu kati ya nne za kuongezewa kila kikao, na hakuna kinachomzuia kupita pale alipoanzia. Dari ni 99. Wenzake wenye 55 na 60 wanatumia na kushuka. Baada ya vikao vichache utashangaa karani ndiye yuko chini, na dadu ya kundi imehamia kwake. Hapo ndipo nasema tatizo lake na la hofu ni moja.

Hilo neno mkosi, hata hivyo, lizuie wewe kama msimuliaji, usisubiri namba zibadilike. Mkosi ni neno zito kwetu, mtu anaweza kwenda nalo nyumbani. Dadu haikumbuki iliangukia wapi mara iliyopita, wala haimjui aliyeishika. Mwenye 25 anakosa mara tatu katika nne kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi, si kwa sababu ya mkono wake. Kama mnatumia seti moja ya dadu na kuna anayeitilia shaka, ibadilisheni tu, au tumieni programu ya simu kwa kikao kimoja, maneno yaishe. (Na mzazi akiona dadu akadhani ni kamari, mweleze kwamba hakuna senti mezani. Hakikisheni kweli haipo.)

Sasa hizo njia ulizozitaja. Kufuta kabisa ni halali, na kwa simulizi ya usiku mmoja naipenda kuliko zote: watu hawajawazoea wahusika wao, wakifa wanakufa kwa raha. Lakini nyinyi mko katikati ya safari ndefu, na hao wawili wanaosema wataacha hawadeki. Walimlea mhusika kwa miezi chini ya ahadi fulani. Ukiifuta ghafla watahisi wamenyang'anywa, na msimuliaji anayenyang'anya hatoi tena hofu, anatoa kinyongo. Kuficha bahati naikataa waziwazi. Kuna wanaoipenda kwa kuwa inaonekana ya kutisha, eti mchezaji hajui amebakiwa na ngapi. Ila mtu hawezi kuogopa kupungua kwa kitu asichokiona kikipungua. Zaidi ya hapo, siku karani atakapokufa, watajiuliza kama uliandika namba ile kwa haki, na hutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Njia ya kuweka kikomo, kwa mfano pointi 10 kwa kila mrusho, haina ubaya. Inafaa kama kuna mmoja anayenunua makosa ya pointi 30 na kuua kila tukio. Sidhani kama mnaihitaji. Wengine hutumia deni: kila pointi inayolipwa inaingia kwenye bakuli la msimuliaji, zikifika 20 anazitumia kuleta balaa. Inachangamsha sana mwanzoni. Tatizo lake ni kwamba baada ya muda wachezaji wanaanza kucheza dhidi ya bakuli badala ya kucheza ndani ya simulizi, na wewe unaonekana timu pinzani.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Maliza sura mliyomo kwa kanuni zenu za sasa; usibadilishe katikati. Kabla sura mpya haijaanza, waambie bahati itajazwa mara ya mwisho, na kutoka hapo inarudi kwa kanuni ya kitabu. Waliozoea kurudishiwa yote wanaweza kuona dadu moja ya pande kumi ni ndogo mno. Wape dadu mbili badala ya moja kwa vikao vitatu vya kwanza, mrusho wenyewe ubaki palepale, kisha mzungumze upya. Ua wa kitabu urudi wote kwa siku hiyohiyo. Kugawiana bahati kufutwe. Ni jambo la upendo, najua, na kwa utamaduni wetu linaonekana hata la heshima, lakini linageuza bahati nne kuwa mfuko mmoja wa harambee, na mfuko wa harambee hauna mwenyewe wa kuuonea uchungu.

Na uongeze kanuni moja ambayo kitabu hakikulazimishi: anayelipa bahati asimulie bahati ilivyotokea. Asiseme tu "nalipa 13". Aseme mbwa wa stesheni aliacha kubweka kwa nukta moja, ndipo akasikia. Inachukua sekunde chache, inawafanya waone kwamba wanatumia kitu cha dunia ya simulizi, na wengi huanza kubana matumizi bila kuambiwa.

Umesema mlitunga haya kwa sababu wahusika walikuwa wanakufa ovyo. Hilo lina dawa yake, nayo haiko kwenye bahati. Mtu wa kawaida katika mchezo huu ana pointi za uhai kama 11. Bunduki ya kijeshi inatoa wastani wa 11 kwa risasi moja. Kwa hiyo kama wahusika wako walikuwa wanapigana kila kikao, walikuwa wanakufa kama inavyotakiwa. Waonyeshe mapema kwamba kukimbia kunaruhusiwa na mara nyingi ndiyo busara. Punguza pia idadi ya mara unazowaambia warushe dadu. Dalili ambayo bila hiyo simulizi haiendi, wape bure. Waache warushe kujua wameipata kwa gharama gani. Karani akipekua kumbukumbu za stesheni, barua aipate. Dadu iseme tu kama mkuu wa stesheni amemkuta nayo.

Nawapongeza pia kwa kuchagua 1926. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na njaa ya Mtunya iliyoimaliza Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920 ilikuwa bado mbichi kwenye vifua vya watu. Muuguzi wako angekuwa ameiona. Ila hao ni babu na bibi za watu waliokaa hapo sebuleni. Kabla ya kuiingiza njaa hiyo kwenye simulizi, uliza kila mmoja kama yuko tayari, na fanya hivyohivyo kabla hujawapeleka kwenye mapango ya michoro kule Kolo, ambako bado kuna watu wanaofanya matambiko.

Kuna mambo mawili ambayo barua haitoshi kuyamaliza. La kwanza, kama mazungumzo ya kanuni yataishia kwenye kurushiana maneno, tafuta msimuliaji mwingine aliyezoea aje aendeshe kikao kimoja, wewe ukae kama mchezaji. Ukiwa upande ule utaona usichokiona ukiwa nyuma ya karatasi zako. La pili ni zito zaidi. Michezo ya hofu inagusa watu kwa namna ambazo hatuzitarajii. Ukiona mchezaji halali, anajitenga, au hasira ya mezani inamfuata hadi kazini, simamisha simulizi, kaa naye pembeni mkiwa wawili tu, na umshauri aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Mna hospitali ya Mirembe hapohapo mjini. Na ule utani wa "huyu wa kupelekwa Mirembe" kila mhusika anapopoteza utimamu, uacheni kabisa, kwa sababu huwezi kujua nani mezani atahitaji kwenda huko kesho, na ukishautania mlango, unamfanya aone aibu kuubisha.